Filamu ya kulipia inakuwa nyeusi kwenye TV zote mbili, ya kwenye flashi inacheza. Tatizo ni waya?

Mwalimu_Nyegezi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na tafadhali msinijibu "nunua TV mpya", mshahara wa mwalimu mnaujua.

Nyumbani Nyegezi tuna TV mbili. Sebuleni kuna flati ya inchi 43 ya 4K, niliipata kwa mkopo wa kikundi. Chumbani kwa baba kuna chogo ya inchi 21. Baba ni mstaafu wa meli, mguu unamsumbua, sebuleni haji mara nyingi. Chogo yake hataki iguswe. Anasema rangi zake ni za kweli, haya mabapa yetu yanawang'arisha watu mpaka hawaaminiki.

Mdogo wangu wa Dar alituletea kile kisanduku cha Android cha kuunganisha na TV, tunalipia filamu kila mwezi. Nikataka baba naye aone. Fundi mmoja mjini akaniuzia spilita, HDMI inaingia moja zinatoka mbili. Moja inakwenda kwenye ile 43. Nyingine inaingia kwenye kiboksi cheupe cha kugeuza HDMI kuwa AV, zile pini tatu za njano, nyekundu na nyeupe, halafu inakwenda kwenye chogo. Waya umepita juu ya dari, kazi hiyo peke yake ilitutoa jasho.

Sasa angalieni. Nikiwasha, menyu inaonekana kote. YouTube inacheza kote, baba anaangalia kwaya zake bila shida. Nikifungua filamu ya kulipia, sauti inasikika kidogo, halafu giza, na kwenye 43 yanatokea maandishi yenye herufi HDCP. Giza TV ZOTE. Nikichomoa waya wa chumbani, ya sebuleni inarudi.

Kinachoniuma ni hiki: kijana wa duka la muvi pale stendi ananijazia flashi, filamu ile ile, tena imetafsiriwa. Naichomeka kwenye kisanduku kile kile, inacheza TV zote mbili, baba anacheka mpaka anasahau mguu. Yaani anayelipa ndiye ananyimwa?

Fundi akasema ni waya, akaniuzia "HDMI ya dhahabu" kwa 45,000. Hali ni ile ile.

Naomba kujua: ni waya kweli? Na kuangalia filamu moja kwenye TV mbili za nyumba moja ni kosa? Halafu dada yangu aliyeko Uingereza amemtumia baba DVD original, zitacheza huku?

Jogoo_wa_Igoma

Badilisha waya dada, chukua ule ulioandikwa 2.1. Mimi ilikuwa hivyo hivyo ikapona.

Fundi_MlangoMmoja

Mwalimu, mwangaluka. Hiyo 45,000 ihesabu imeliwa. Jogoo naye usimsikilize kwa hili, labda yeye wake ulikuwa umekatika kweli.

Waya mbovu una dalili zake. Picha inatoa vidoti vyeupe, inakatika ukiutikisa, au haitoki kabisa hata menyu. Wako unatoa menyu na YouTube safi, halafu unagoma kwenye filamu tu. Waya haujui kama kinachopita ndani yake ni kwaya au filamu ya Marekani. Anayejua ni kisanduku.

Ngoja nieleze taratibu, maana hapa mjini wapo wanaouza hivi vitu bila kujua vinafanyaje kazi.

Kisanduku kikitaka kutoa filamu yenye ulinzi hakiitoi tu. Kinapiga hodi kwanza. Ndani ya ule waya wa HDMI kuna nyuzi za picha na kuna nyuzi nyingine ndogo za mazungumzo, na huko kisanduku kinauliza: wewe wa upande wa pili ni nani, na una funguo? TV inajibu kwa namba yake. Katika toleo la zamani kila kifaa chenye leseni kimewekewa kiwandani funguo 40 za siri, kila mmoja una biti 56 (tarakimu za moja na sifuri), pamoja na namba ya utambulisho ya biti 40 ambayo lazima 20 ziwe moja na 20 ziwe sifuri. Kila upande unapiga hesabu kivyake. Majibu yakilingana ndipo picha inatoka, na inatoka ikiwa imevurugwa kwa makusudi, ili anayeidaka njiani asiambulie kitu. Wala haishii hapo. Kila sekunde mbili hivi kisanduku kinahakikisha kwamba yule aliyejibu mwanzo bado yupo. Ndiyo maana pini ikilegea kidogo unaona TV inapepesa giza na kurudi.

Huo ndio HDCP. Uliundwa na Intel, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000, na leseni zake zinatolewa na kampuni tanzu ya Intel hao hao. Wenye studio za filamu walishikilia kwamba kazi zao hazitoki kwenye tundu la kidijitali bila ulinzi, kwa hiyo anayetengeneza kisanduku hana namna, na anayetengeneza TV hana namna.

Rudi sasa kwenye mnyororo wako: kisanduku, spilita, halafu njia mbili. Kuwa na TV mbili siyo kosa, tena toleo la zamani la mfumo wenyewe linaruhusu vifaa hadi 127 nyuma ya chanzo kimoja. Spilita yenye leseni kazi yake ni kuwauliza wote walioko nyuma yake na kupeleka namba zao kwa kisanduku. Mbaya wako ni kiboksi cheupe. Kazi yake ni kutoa AV, na AV haina pa kufungia kufuli la namna hiyo. Kwa masharti ya leseni, kifaa kikishaifungua picha ya HDCP hakiruhusiwi kuitoa wazi upande wa AV. Kwa hiyo viboksi vingi vya namna hiyo havina funguo kabisa. Kisanduku kinapata taarifa kwamba mmoja anazo na mwingine hana, na kwa kuwa picha inayogawanywa ni moja, kinaizima kwenye chanzo. Sebuleni hamna kosa, mnaadhibiwa kwa ajili ya chumbani.

Fanya hivi leo. Toa spilita, chomeka kisanduku moja kwa moja kwenye 43, cheza filamu. Ikikubali, rudisha spilita bila kile kiboksi cheupe, cheza tena. Kila unapobadilisha, zima kwenye soketi, siyo kwa rimoti, subiri kidogo, washa TV kwanza na kisanduku baadaye, ili hodi ipigwe upya. Spilita ikikubali peke yake na ikagoma ukiweka kiboksi, jibu unalo mkononi.

Halafu igeuze hiyo 43 uangalie matundu ya HDMI. TV za 4K, hasa zilizotengenezwa kati ya 2014 na 2016, unakuta matundu matatu lakini lenye HDCP 2.2 ni moja tu au mawili. Imeandikwa kando ya tundu kwa herufi ndogo, chukua tochi ya simu. Hilo toleo la 2.2 lilikuja 2013 kwa ajili ya 4K, na filamu iliyowekewa alama ya ulinzi mkali haikubali kwenda kwenye kifaa cha toleo la 1, hata kama kifaa hicho ni halali na kina funguo zake. Hapo itashuka kuwa 1080 au itagoma kabisa, inategemea mwenye huduma ameamua nini.

Kuhusu flashi. Faili la yule kijana wa stendi halina alama yoyote ya ulinzi, basi kisanduku hakina sababu ya kupiga hodi. Ulinzi wote huu uliwekwa ili mtu asidake picha kwenye waya, na waliojaza flashi hawakupita kwenye waya wako. Tena ufunguo mkuu wa toleo la 1 ulivuja mtandaoni mwaka 2010 na Intel wakakiri kuwa ni wenyewe. Toleo la 2 linatumia hesabu nyingine kabisa, halikuguswa na uvujaji ule. Kwa hiyo ndiyo, mwalimu, anayehangaika ni wewe uliyelipa. Nasema hivyo ingawa nusu ya wateja wangu wanaletwa na tatizo hili.

DVD za Uingereza nitazijia jioni, nina mtu kasimama hapa na sabufa imelowa maji ya ziwa.

Banda_la_Kayenze

Fundi heshima yako. Na mimi nimo humo humo. Nina banda la kuonyesha muvi na mpira huku Kayenze. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, banda linajaa mpaka watu wanakalia makreti ya soda. Projekta yangu ni ya zamani, ina lile tundu la bluu la kompyuta, nimeiwekea konveta kutoka HDMI. Muvi za flashi safi kabisa. Nikiweka akaunti ya kulipia ya mke wangu, giza kama la mwalimu.

Kuna jamaa wa mjini ana kiboksi anasema "kinaondoa HDCP". Anataka 80,000. Nichukue?

Mstaafu_Musoma

Nimekuwa afisa utamaduni kwa miaka mingi, naomba nimjibu mwenye banda kabla hajatoa hela yake.

Ndugu yangu, unachanganya mambo mawili. Kufuli ni jambo moja, ruhusa ni jambo jingine. Hata projekta yako ingekuwa mpya na ina funguo zote alizozieleza fundi, bado ile akaunti ya mkeo ni ya nyumbani. Masharti aliyokubali siku anajiandikisha yanasema ni kwa matumizi binafsi ya kaya. Banda lenye kiingilio siyo kaya.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, taasisi ya hakimiliki, inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aionyeshe hadharani. Kulipia kuangalia hakukupi haki hiyo. Na banda lenyewe kama mahali pa kuonyeshea filamu linaangukia kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inayotaka kibali. Niliwahi kuzunguka mialo ya huku kwetu kukagua mabanda, wengi walikuwa na leseni ya biashara tu wakadhani imetosha.

Mwalimu yeye hana tatizo hilo. Anaangalia na baba yake mzazi ndani ya nyumba yao, sebuleni na chumbani. Hakuna anayeweza kuita hadhara.

Kuhusu kiboksi cha kuvunja ulinzi: Marekani sheria yao ya 1998 inamtia hatiani anayeuza kifaa cha namna hiyo hata kama hakuna filamu iliyonakiliwa. Huku kwetu usijaribu kuwa wa kwanza kuulizwa.

Banda_la_Kayenze

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Lakini mwenye filamu yuko Marekani, mimi niko Kayenze. Nitampata wapi nimwombe?

Mstaafu_Musoma

Marahaba. Huyo humpati, ni kweli, na wakubwa wale hawajajipanga kuuza haki kwa banda la watu sitini. Hilo ni pengo na wanaolitengeneza wanalijua. Lakini prodyuza wa filamu za hapa nyumbani unampata kwa simu. Mnakubaliana bei, mnaandikiana karatasi, unaonyesha usiku kucha bila kumwogopa mtu. Mpira nao kuna vifurushi vya biashara kwa ajili ya mabaa na mabanda, uliza hicho, usichukue cha nyumbani.

Mama_Sato_Kirumba

Samahani naingilia kidogo. Mimi sina kisanduku. Natumia simu, naonyesha skrini ya simu kwenye TV. Picha za harusi zinaonekana, WhatsApp inaonekana, nikifungua filamu TV inakuwa nyeusi ila sauti ipo. Ni hiyo hiyo HDCP?

Fundi_MlangoMmoja

Nimerudi. Sabufa imekufa, Mungu ailaze.

Mama Sato, shikamoo. Hiyo ni ndugu yake. Programu ya filamu inaiambia simu isiruhusu picha yake kunakiliwa wala kuonyeshwa kwingine, kwa hiyo ukirusha skrini nzima simu inaweka weusi mahali pa filamu. Ukipiga picha ya skrini filamu ikicheza utaona weusi ule ule. Usirushe skrini. Kama TV yako ni ya intaneti, fungua programu yenyewe ndani ya TV. Kama ndani ya programu ya simu kuna kitufe cha kutuma kwenye TV, tumia hicho: hapo simu inakuwa rimoti, TV inachukua filamu yenyewe kutoka mtandaoni.

Na ukiona filamu kwenye simu haina ung'avu hata ukiwa na bando la kutosha, huenda simu yenyewe imepewa daraja la chini. Huduma nyingi zinatumia ulinzi wa Google unaoitwa Widevine. Simu yenye daraja L1 inafungua filamu ndani ya sehemu salama ya chipu, inapewa HD. Yenye L3 inafungua kwa programu tu, inapewa picha ya kawaida. Simu nyingi za bei rahisi na zile zilizochezewa programu zinaangukia huko.

Mwenye banda, mzee amekujibu vizuri, mimi naongeza la ufundi. Kila kifaa cha HDCP kina namba, na kuna orodha ya namba zilizofungiwa. Orodha hiyo inasafiri pamoja na diski mpya na matangazo, kifaa chako kinaisoma na kuihifadhi. Kiboksi kinachotumia namba ya kuiba kinaweza kucheza leo na kukataliwa baadaye, na huyo jamaa wa 80,000 hutamwona. Mimi dukani kwangu sikiuzi.

Sasa mwalimu, DVD. Dunia imekatwa kanda. Uingereza ni kanda ya 2, sisi ni kanda ya 5. Afrika Kusini, mtaniambia wenyewe kwa nini, wamewekwa kanda ya 2 pamoja na Ulaya. Deki inayofuata sheria kikamilifu ya kanda ya 5 itaikataa diski ya dada yako. Lakini deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa pale Makoroboi zinacheza kanda zote, angalia kwenye boksi au muulize muuzaji aiwashe mbele yako na diski yenyewe. Mfumo wa rangi hauna shida, Uingereza na sisi wote ni PAL. Kama alituma Blu-ray ndiyo rahisi zaidi, huko Ulaya na Afrika tuko kanda moja, B. Ila Blu-ray kwenye chogo usihangaike, deki zake za miaka hii zimeondolewa kabisa matundu ya AV, na sababu ni hii hii tunayoizungumza.

DVD kwenye chogo ni halali na inakubali, kutoka kwenye deki moja kwa moja kwa zile pini tatu. Studio ziliridhika na hilo kwa sababu AV ya DVD ina ulinzi wake wa zamani, Macrovision, ambao ulianza kwenye kaseti za VHS mwaka 1985. Kwa hiyo kama mzee bado ana deki ya kaseti hapo chumbani, usiipitishe DVD humo.

Hili nalijua kwa mikono yangu. Wakati DVD zinaingia Mwanza, chogo nyingi zilikuwa na tundu la antena tu, hazina AV. Watu walikuwa wanapitisha DVD kwenye deki ya kaseti ili itoke kwa waya wa antena. Ukicheza diski original, picha inafifia mpaka uso wa mtu hauonekani, halafu inang'aa kupita kiasi, halafu inafifia tena, na juu ya kioo mistari inajikunja. Wateja walikuwa wanaleta deki wakisema hedi, kile kichwa cha kusomea mkanda, ni chafu, wengine wameshaitia spiriti wenyewe. Hedi ilikuwa safi. Kwenye ile mistari ya juu isiyoonekana, kati ya picha moja na nyingine, waliweka mipigo mikali ya umeme. TV inaipuuza. Deki ya kaseti ina saketi inayopima nguvu ya picha na kuirekebisha, ikikutana na ile mipigo inadhani picha ni kali mno, inaipunguza, halafu inaipandisha. Deki haikujua kwamba mwenye nyumba hanakili kitu, anataka tu waya wa antena. Na diski za kuchoma za mtaani, bila shaka mmeshajua, zilipita bila kutikisika.

Jogoo_wa_Igoma

Kumbe! Tulikuwa nayo hiyo nyumbani Buhongwa. Baba aliipiga makofi ile deki mpaka ikavunjika kifuniko.

Mwalimu_Nyegezi

Fundi, wabheja sana. Majibu ndiyo haya.

Bila spilita: filamu inacheza. Spilita bila kiboksi cheupe: inacheza. Nikirudisha kiboksi: giza kote. Kwa hiyo ulichosema ndicho.

Na matundu nimeyaangalia kwa tochi. HDMI 3 peke yake ndiyo imeandikwa HDCP 2.2, na sisi tangu tuinunue tulikuwa kwenye HDMI 1. Nimehamisha, kisanduku kikiwa moja kwa moja bila spilita, na kwa mara ya kwanza ile alama ya 4K imetokea. Mume wangu anasema haoni tofauti, ila hiyo ni kesi nyingine.

Sasa nibaki na baba. Nimemweleza habari ya funguo na hodi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo wamenifungia chogo yangu?" Nikasema ndiyo. Akasema chogo haitoki humu chumbani. Nifanyeje?

Fundi_MlangoMmoja

Isitoke, mwache mzee na chogo yake. Kitu ambacho kinaweza kuonyeshwa kwenye chogo bila ugomvi na mtu ni vitatu.

King'amuzi kwanza. Geuza king'amuzi chenu nyuma. Vingi vina HDMI na AV kwa pamoja, vingine AV imekuwa katundu kadogo ka duara kanakotaka waya wake maalumu, na vingi vinatoa kote kwa wakati mmoja. HDMI iende sebuleni, AV iende kwa mzee kwa njia ile ile ya dari. Atakuwa anaona chaneli mnayoona ninyi, hapo mtapatana wenyewe. Umbali ukiwa mrefu picha itapoteza ukali kidogo, lakini kwenye inchi 21 hataona.

Pili deki ya DVD chumbani, na diski za dada. Hiyo ni kazi ya dakika tano. Tatu ni YouTube kama mlivyokuwa mnafanya, ila basi mkitaka filamu ya kulipia sebuleni mnachomoa kile kiboksi cheupe. Usumbufu.

Filamu za kulipia kwa mzee sina njia ya chogo ya kukuambia, na anayekuambia anayo muulize vizuri. Hapo inabidi flati ndogo yenye HDMI, hata inchi 24 ya mtumba, ikae pembeni ya chogo. Ukiwa na hiyo, spilita uliyonayo itatosha, kwa sababu umeshaona inakubali. Ubaya wake ni kwamba itashusha na ubora wa picha ya sebuleni, maana spilita inafuata mnyonge. Ukitaka kila mmoja aangalie yake, basi kisanduku cha pili na akaunti inayoruhusu skrini mbili kwa pamoja, soma kifurushi chenu kinasemaje.

Na ukienda kununua flati ya mtumba, popote, siyo lazima kwangu: usijaribiwe kwa menyu. Usijaribiwe kwa YouTube wala kwa flashi ya muuzaji. Kuna TV za zamani na skrini za kompyuta za zamani zenye tundu la DVI, lile la kabla ya HDMI, zilizogeuzwa kuwa TV, zinaonyesha kila kitu isipokuwa filamu yenye ulinzi, na muuzaji anajua. Nenda na kisanduku chako, cheza filamu unayolipia, iache itembee dakika kadhaa, ndipo utoe hela.

Banda_la_Kayenze

Hapo pa skrini za kompyuta zilizogeuzwa TV umenigusa. Ninayo moja nyumbani, nilidhani ni intaneti ya Kayenze.

Mwalimu_Nyegezi

Tumeelewana na baba. Deki ya DVD inaingia chumbani wiki hii. Flati ndogo ameikubali kwa masharti: ikae kwenye meza ya kando, chogo ibaki mbele ya kitanda, na rimoti zote ziwe kwake. Filamu ya kulipia akiitaka atageuza shingo.

Fundi, una inchi 24 yenye HDMI hapo dukani? Na Jumamosi unafunga saa ngapi, nina kipindi cha ziada mpaka saa sita.

Fundi_MlangoMmoja

Ninazo mbili, moja ina mkwaruzo pembeni kwa hiyo bei yake tutaongea. Nafunga saa kumi na moja. Njoo na kisanduku, rimoti yake na waya wake wa umeme, huo wa mwisho watu wanausahau nyumbani. Na simu yenye bando la kutosha, hapa dukani sina intaneti ya kuchezesha filamu.